Mukimo ya Shizuoka

Mimi ni mtu wa kuandika, si wa kuongea. Darasani nikijua jibu hunyamaza nalo mpaka mwingine alikosee. Kwa hivyo niliposhinda shindano la insha kuhusu majani chai, na mimi na wenzangu watatu tukaalikwa Shizuoka, mji wa Japani unaolima chai kama sisi hapa Kibugu, nilifurahi siku mbili tu. Siku ya tatu Mwalimu Kinoti, Mmeru wa Kinoru aliyekuwa atusindikize, alitangaza kwamba kutakuwa na chakula cha kuagana, na wa kutoa shukrani ni Wawira. Wawira ni mimi. Ningejua, ningeandika insha mbaya.

Asubuhi ya kuondoka, cucu, mama ya baba yangu, alinivuta kando ya zizi. Alikuwa amesikia kwamba huko chai hunywewa bila maziwa wala sukari.

"Mami, usiwacheke," akasema. "Pengine ng'ombe zao zimekauka."

Ndani ya ndege wenzangu walitazama filamu. Mimi nilikariri karatasi yangu: sentensi nne za Kiingereza na neno moja la Kijapani. Mwalimu alitupa sheria moja tu, kwamba mgeni hakatai chakula. Yeye mwenyewe alishuka akiuliza kama kuna mahali pa kupata ugali.

Kutoka Tokyo tulipanda treni inayokwenda kasi hata huwezi kuhesabu nyumba. Mlima wao ulitokea dirishani, una theluji kama wetu, ila wetu umechongoka na wao umekaa kama kichuguu. Nilitaka kumwambia Mwalimu hivyo. Nilipomaliza kujipanga, mlima ulikuwa umepita.

Shizuoka nilikaribishwa kwa akina Haruka, msichana wa rika langu. Kiingereza chake ni cha darasani kama changu, kwa hivyo tulielewana vizuri. Mama yake alinipa chai ya kijani, na kweli, haikuwa na maziwa wala sukari. Nilikumbuka maneno ya cucu nikainywa kwa huruma. Mama akaona kikombe kitupu, akaongeza. Nikanywa. Akaongeza. Kikombe cha tano ndicho kilinifundisha kwamba kwao, kama kwetu, kinachoisha ndicho huongezwa.

Siku ya pili tulipelekwa shambani. Wao huchuma kwa mashine, watu wawili wakiibeba juu ya mstari wa michai kama wanaunyoa. Babu yake Haruka aliniomba nichume kwa mkono. Nilichuma majani mawili na chipukizi, majani mawili na chipukizi, mikono yote miwili kama mama alivyonifundisha, na mzee akasimama kuniangalia kimya. Huo ndio ulikuwa wakati wangu mzuri, kwa sababu hakuna aliyetaka niseme kitu.

Siku ya tatu, saa sita mchana, ikaja ile karamu. Watu kama thelathini, meza ndefu, na mimi nimeshika karatasi chini ya meza mpaka imelowa jasho. Sahani ikaletwa: samaki mbichi. Si samaki aliyepikwa kidogo, ni mbichi. Halafu pembeni mwa sahani nikaona kitu ninachokijua. Kijani, kimepondwa vizuri, kimefinyangwa kama tonge. Mukimo, kama anayopika mama! Kidogo, kweli, lakini nilidhani mahindi na viazi ni adimu huko, na majani ya malenge labda wameyatoa mbali kwa ajili yetu. Nilikiweka chote mdomoni mara moja.

Haikuwa mukimo. Haruka aliniambia baadaye kwamba inaitwa wasabi, ni mzizi, na mtu hugusisha tu samaki. Moto haukukaa mdomoni, ulipanda puani ukatafuta njia ya kutokea machoni. Sikukohoa. Mgeni hakatai chakula. Nilimeza huku machozi yakitiririka, nikapangusa pua kwa kitu cha kwanza kilichokuwa mkononi. Mama yake Haruka, alipoona imeisha, akaniongezea nyingine.

Hapo ndipo Mwalimu akasema, "Wawira, karibu utoe shukrani."

Nilisimama. Nikafungua karatasi. Sentensi zote nne zilikuwa zimeingia puani.

Watu walisubiri. Nikaona nikinyamaza nitalia tena, na safari hii bila sababu ya chakula. Basi nikasema ukweli, Haruka akitafsiri: kwamba kwetu kuna chakula cha kijani kinachopondwa, mama hukipika wageni wakija, na nilipokiona hapa nilidhani wamenipikia cha nyumbani.

Babu yake Haruka akaziba mdomo, mabega yakaanza kumtikisika, na meza nzima ikacheka. Nami nikacheka. Nikaendelea kuongea, nikafika hata kwa maneno ya cucu kuhusu ng'ombe zao zilizokauka. Mwalimu alinivuta sketi nikae.

Nyumbani nilileta wasabi ya kutosha kuonja. Cucu, ambaye hasikii la mtu, alitia kijiko kizima mdomoni. Alijipangusa macho kwa leso.

"Wape pole," akasema mwishowe. "Ng'ombe hawana, na mukimo yao ina hasira."

Jumapili kanisa liliniomba nisimulie safari. Mama akaniuliza kama nimeandika karatasi. Nikamwambia nitabeba moja, ya pua.