Mwenye Begi Kubwa

Fundi cherehani alikuwa amekunja uso tangu asubuhi, na safari ya mlimani ilikuwa kesho. Kaka yake alikuwa amejitandaza kwenye kiti cha wateja, vitu vya safari vimezagaa sakafuni katikati ya vipande vya vitambaa: hema, jiko la gesi, sufuria, kamba, mchele.

"Mdogo wangu, langu limeshajaa," alisema, akilipigapiga begi lake. "Lako bado lina nafasi. Hivi vya pamoja tia humo."

Maneno yale yale ya mwaka jana! Wakati ule kaka mtu alikuwa amekuja kuomba ashonewe begi dogo, eti jepesi, la kupendeza. Naye fundi, kwa wema wake wa kijinga, akajishonea kubwa kwa turubai lililobaki. Basi mwenye nafasi akawa mwenye mzigo. Alipanda na hema, sufuria na chakula cha wote wawili, goti likavimba, akabaki kambini. Kaka akafika kileleni na spika yake ya muziki. Picha ikatundikwa sebuleni kwa mama, na kila mgeni akaambiwa, "Huyu wa kike alishindwa njiani." Alishindwa! Na ule wali alioshiba bwana wa kwenye picha ulipanda kwa mgongo wa nani?

Mwaka huu alitaka kukanyaga kilele kile, hata kwa kutambaa.

"Mbona umenuna?" kaka alicheka. "Kidole kimoja hakivunji chawa, dada."

"Mbona mwaka jana kidole kilikuwa changu peke yangu?"

"Aa, we naye! Mambo ya mwaka jana hayo."

Hasira zilimpanda fundi. Alilivuta lile begi dogo la kaka yake, akafungua zipu, akamwaga mashati, manukato na spika juu ya meza ya kukatia. Akapanga humo nguo zake, blanketi na maji. Mchele nao akautia, maana dhuluma hakuitaka hata kwa aliyemdhulumu. Vilivyobaki akavishindilia kwenye begi kubwa, akalisukuma mpaka miguuni pa kaka yake.

Kaka alilijaribu, akaguna. Kicheko kilikuwa kimekwisha.

"Sasa hili nitalivaaje? Mikanda mifupi, na mimi nina mabega mapana!"

Fundi alivua futi shingoni, akawasha taa ya cherehani.

"Mapana, eh? Geuka nikupime."