Kiingereza Changu na Macho ya Nyanya

Kama ulisoma shule ya msingi huku Sosiot miaka ya tisini, unakijua kile kibao. Ukiteleza ukaongea Kikipsigis, lugha yetu ya nyumbani, unavalishwa shingoni mpaka umnase mwenzako akiiongea. Mimi sikukivaa hata siku moja. Nilikuwa msichana wa Kiingereza, na nilijisikia sana.

Darasa la saba mwalimu akatufundisha "look forward to". Maana yake, alisema, ni kungoja jambo kwa hamu, na barua ya heshima haifungwi bila maneno hayo. Basi nikawa mgonjwa. Githeri ikiwa jikoni, "I am looking forward to eating." Nikitumwa kuchuma majani chai asubuhi yenye baridi, nilisema hivyo hivyo, na ulikuwa uongo mtupu. Mama alisema, "Huyu mtoto atatuharibia masikio."

Ndipo nyanya akaniita nimwandikie baba mdogo, kitinda mimba wake, aliyekuwa Nairobi mwaka wa tatu bila kurudi. Akasema kwa Kikipsigis, "Mwambie macho yangu yanazima. Aje nimwone kabla sijabaki na sauti yake tu. Na ng'ombe wake amezaa."

Nikaona hayo ni maneno ya kishamba. Nikaandika: "We are all fine. We look forward to seeing you," yaani sote hatujambo, twangoja kwa hamu kukuona. Nikamsomea kwa madaha. Hakuelewa hata neno moja, lakini aliitikia kwa kichwa akanipa yai la kuchemsha.

Baba mdogo akajibu kwamba yeye pia alikuwa "looking forward". Hakuja. Miezi ikapita, nyanya akaanza kumimina chai nje ya kikombe.

Mwishowe alimwita kaka yangu Kibet, ambaye kibao kilikuwa sehemu ya sare yake. Kibet akaandika Kikipsigis, neno kwa neno, bila nukta hata moja. Wiki iliyofuata baba mdogo alifika. Nyanya alimpapasa uso kwa mikono miwili, polepole, akamwuliza kama amefuga ndevu.

"Mbona hamkuniambia mapema?" baba mdogo aliuliza.

"Nilikuambia," nyanya alisema. "Huyu msichana ndiye aliyeandika. Anajua Kiingereza sana."

Siku hizi watoto wetu huandikiana herufi tatu na kikatuni kinachocheka, nasi wa rika langu tunawasimanga kwamba hawajui barua. Mimi pia huwasimanga. Enzi zetu tuliandika barua nzuri kweli. Yangu haikuwa na kosa hata moja, na nyanya hakumwona mwanawe tena kwa macho.