Jogoo wa Filamu ya Kihindi

Juzi hapa Korogwe nilikuwa kwenye kibanda cha kuingizia filamu kwenye flashi. Mama mmoja wa Kwashemshi akafika, akaibwaga flashi yake juu ya kaunta, mbele ya mwenye kibanda.

"Filamu yangu ya Kihindi mmeiharibu. Jogoo yuko wapi?"

"Shikamoo mama. Jogoo gani?"

"Anayewika jambazi akifa!"

Mwenye kibanda akacheka. Akaeleza kuwa jogoo huyo hajawahi kufika India. Alikuwa uani kwa jamaa aliyeitafsiri filamu kwa Kiswahili zamani, akawika wakati wanarekodi. Sasa imetafsiriwa upya, sauti safi, kelele zote zimeondolewa.

"Nani kawatuma mumuondoe?" Kidole cha mama kiligonga kaunta. "Marehemu mume wangu alikuwa anawika naye, nyumba nzima tunacheka. Sasa jambazi anakufa kimyakimya, nitajuaje kama amekufa kweli?"

Mwenye kibanda akaacha kucheka, akaanza kutafuta ile ya zamani.

Wahindi wana filamu yao halisi, waitunze. Halisi ya kwetu ina jogoo. Zamu yangu ilipofika, nikaomba hiyohiyo.