Asilimia Ishirini na Sita

Baba alikuwa mzimamoto kwa miaka ishirini na mbili. Kituoni hawakumwita jina lake, walimwita Pampu, kwa sababu miaka yake ya mwanzo ndiye aliyeshika pampu ya gari la maji, na jina likamganda hata alipohamia kazi ya kuingia ndani ya moto. Alikuwa mtu wa mwili. Shingo yake ilishuka kutoka masikioni mpaka mabegani bila kupungua njiani, na kitambi alikuwa nacho, kigumu kama gunia lililoshindiliwa. Mama alikuwa akimtania kwamba akilala chali chumba kinapata kilima.

Kitambi hicho hakikumzuia kitu. Mwenzake wa zamu, mwembamba mmoja waliyemwita Sindano, ndiye aliyenisimulia jinsi Baba alivyowahi kushuka ghorofa tatu na mtu mzima begani, akamlaza kwenye machela polepole kama anayelaza mtoto, kisha akauliza kama chai imebaki.

Nilipokuwa kidato cha tatu, ulitoka waraka makao makuu. Kila mzimamoto aliyevuka miaka arobaini apimwe mafuta ya mwili, na yasizidi asilimia ishirini na sita. Atakayezidi atapewa miezi sita ya kujirekebisha, na akishindwa ataondolewa kwenye magari na kuwekwa stoo au kwenye simu za dharura. Muuguzi wa kikosi hakuwa na mashine ya kupimia mafuta. Alikuwa na futi ya kitambaa, kama ya fundi cherehani, na karatasi moja yenye kanuni. Unapima kiuno usawa wa kitovu, unapima shingo chini kidogo ya kikoromeo, unatoa shingo kwenye kiuno, unaingiza na urefu wa mtu, halafu unakokotoa.

Baba alitoka na thelathini na moja. Sindano, aliyekuwa akivuta sigara mfululizo na kuhema akipanda ngazi za ofisini, alitoka na kumi na saba, na alicheka mpaka akakohoa.

Jioni ile Baba aliweka karatasi mezani mbele yangu. Aliniambia mimi ndiye msomi wa nyumba, basi nimweleze namba hiyo imepatikanaje. Bahati nzuri, au mbaya, muhula huohuo tulikuwa tumefundishwa logi. Nilichukua kikokotoo changu cha shule nikaingiza kiuno sentimita mia na kumi, shingo arobaini na mbili, urefu mia sabini na mbili, na namba ikatoka ileile ya muuguzi. Nilifurahi sana. Sikuwahi kuona hesabu ya darasani ikigusa mtu wa nyumbani. Nilichora grafu kwenye karatasi ya miraba, miezi chini, asilimia pembeni, nikapiga mstari mwekundu kwenye ishirini na sita, nikaibandika nyuma ya mlango wa jikoni. Baba aliitazama akasema, "Sawa. Mstari huo tutaushukia."

Miezi miwili ya mwanzo mambo yalikwenda vizuri. Aliamka mapema akizunguka uwanja wa shule yetu, akaacha sukari kwenye chai, akapunguza mkate, akaazima kamba yangu ya kuruka mpaka ikakatika. Kiuno kilishuka hadi mia na sita, shingo ikabaki palepale, na nukta yangu ikashuka hadi ishirini na tisa. Mama alimpigia makofi. Hata Sindano aliacha kumtania.

Kisha nukta ikagoma. Mwezi wa tatu haikushuka, na wa nne haikushuka. Baba alikuwa anakimbia mara mbili kwa siku na kula mara moja, mzani ulionyesha kilo zinaondoka, suruali zinamvuka, lakini kila muuguzi alipokokotoa alipata ishirini na tisa. Baba alirudi nyumbani akakaa kwenye kiti cha jikoni bila kuvua viatu, na akaniuliza kama kanuni ina kosa.

Nilirudia hesabu nikaona. Kiuno kilikuwa kimeshuka sentimita mbili, kikafika mia na nne. Lakini na shingo nayo ilikuwa imeshuka mbili, ikafika arobaini. Ukitoa hii kwenye hii, unabaki na sitini na nne, ileile ya mwezi wa pili.

"Baba," nilimwambia, "shingo inapungua pamoja na tumbo. Kwa hiyo hesabu haioni kitu."

Alijishika shingo kwa mkono mmoja, kama mtu anayetafuta kola. "Basi inatakiwa iwe ngapi, hiyo tofauti?"

Nilikaa na kikokotoo nikaenda kinyumenyume kutoka ishirini na sita. Nikamwambia hamsini na tisa. Aliirudia namba hiyo mara mbili. Nilikuwa na miaka kumi na sita, nikajiona nimemsaidia.

Muuguzi aliona nilichoona, na alijua maana yake kuliko mimi. Baba mwenyewe ndiye aliyetueleza, akiigiza sauti yake ya upole. Sista, ndivyo walivyomwita muuguzi, alimwambia kwamba shingo ya mwanamume haipungui hivihivi. Alisema anajikausha, na kinachoondoka si mafuta peke yake bali nyama ya kufanyia kazi. Ale mayai, ale nyama, anyanyue vitu vizito, apunguze kukimbia na njaa. Alimweleza pia kwamba futi ile inakadiria tu, inaweza kukosea asilimia tatu au nne kwenda juu au chini. Baba alimuuliza kama kwenye fomu kuna mahali pa kuandika hayo. Sista alisema hapana. Kuna kisanduku kimoja, na ndani yake inaingia namba moja.

Mama alikuwa hajali namba. Alijali sahani. Alikuwa akimpakulia, Baba anasogeza pembeni, Mama anarudisha katikati, na sisi wengine tunakula tukiangalia chini. Siku moja Mama alimwambia waziwazi kwamba majirani wameanza kumuuliza mumewe anaumwa nini, na yeye hana la kuwajibu. Alimwambia akubali kwenda kwenye simu. Simu nayo ni kazi, mshahara ni uleule, na atarudi nyumbani mzima.

"Wakiniweka kwenye simu," Baba alisema, "nitakuwa nasikia watu wanaungua, mimi nimekaa kwenye kiti."

Mama aliichukua ile sahani akaifunika.

Mwezi wa tano alifika ishirini na nane. Mwezi wa sita sipendi kuukumbuka. Alikuwa anakimbia amejifunga nailoni tumboni chini ya sweta. Alikuwa anakaa kitandani ili avae soksi, yeye aliyekuwa akivaa buti amesimama kwa mguu mmoja huku anaongea. Asubuhi moja Mama alimpa chupa ya achari amfungulie kifuniko. Alikizungusha, akafuta mkono kwenye shati, akakizungusha tena, kisha akanipa mimi huku akicheka kwamba watoto wa siku hizi wana nguvu za bure. Nilikifungua. Wala hakikuwa kimebana sana. Nilimwona Mama ananitazama, nikaweka chupa mezani nikaenda shule.

Siku ya mwisho ya kupimwa alikuwa hajanywa maji tangu jana yake. Kiuno tisini na saba, shingo thelathini na nane. Tofauti hamsini na tisa, asilimia ishirini na tano nukta tisa. Sista alipima mara mbili, akaandika namba kwenye kisanduku, akamwambia maneno ambayo Baba hakutueleza. Kilo kumi na nane zilikuwa zimeondoka. Kituo kizima kilimpigia makofi. Mkuu wa kituo aliagiza ile grafu yangu ya nyuma ya mlango iletwe, akaibandika kwenye ubao wa matangazo ili wengine waone kwamba mtu akiamua anaweza. Nilipoambiwa nilitembea nimeinua kichwa wiki nzima.

Siku ya tisa baada ya hapo, saa tisa alasiri, ghala moja la magodoro lilishika moto.

Haya niliyapata vipande vipande, mengine kwa Sindano, mengine kwa Baba mwenyewe, miaka ilipopita. Ghala lilikuwa na ghorofa moja juu. Wafanyakazi wote walikuwa wametoka, lakini walipohesabiana hawakumwona mlinzi wa jengo, mtu mzima wa umri wa Baba, mnene kiasi. Alikuwa amerudi juu kufungua dirisha ili moshi utoke. Baba na Sindano walivaa mitungi ya hewa wakaingia. Sindano alibaki na mpira wa maji pale juu ngazi zinapoishia akizuia moto usiwakatie njia, na Baba akaenda kwa magoti akipapasa ukuta. Alimkuta mlinzi nyuma ya mlango wa tatu.

Alimshika chini ya makwapa akavuta, kama alivyofanya mara zisizo na idadi. Mtu hakuja. Akajipanga upya, akampitishia kamba kifuani, akavuta kwa mgongo. Wakasogea hatua moja, labda mbili. Miguu ilianza kumtetemeka, siyo kwa woga, alisema, ilikuwa inatetemeka kama ya mtu aliyetoka kuugua. Akavuta mara ya tatu, akaanguka kitako. Hapo kengele ya mtungi wake ikaanza kulia, kwa sababu alikuwa amehema karibu hewa yote kwa kazi ambayo zamani isingemtoa jasho. Alimwacha yule mtu akarudi kwa Sindano. Vijana wawili walipanda wakamtoa mlinzi kwa pamoja. Akiwa kwenye machela alikuwa ameshakufa.

Taarifa ya tukio haikumlaumu mtu. Iliandika kwamba moshi ulikuwa mzito, kwamba marehemu alikuwa na uzito mkubwa, na kwamba askari aliyemfikia kwanza alifuata utaratibu kwa kurudi kuomba msaada hewa ilipokaribia kwisha. Kila neno lilikuwa la kweli.

Baba alikwenda ofisini kwa mkuu akiwa ameivua kofia. Sindano alikuwepo, naye ndiye aliyenieleza.

"Mkuu, yule mtu nilishindwa kumbeba."

Mkuu alimwambia akae, asijitese, mambo kama hayo hutokea. Akafungua faili. "Vipimo vyako viko sawa, Pampu. Vizuri kuliko vya wengi hapa. Hakuna atakayesema hukuwa fiti."

"Vipimo viko sawa," Baba alisema. "Mimi siko sawa. Niandikie simu."

Mkuu alikataa siku hiyo, na wiki iliyofuata akakataa tena, akisema itaonekana vibaya kumwondoa mtu aliyefaulu. Baba aliandika barua kwa mkono wake akaipeleka makao makuu. Jibu lilichukua miezi miwili. Muda huo wote aliendelea kupanda gari, na Sindano aliniapia kwamba Baba alikuwa akifika kwenye moto anasali kusiwe na mtu ndani.

Alikwenda msibani kwa mlinzi. Mama alitaka kumsindikiza, akakataa. Alikaa kwenye benchi pamoja na wanaume wengine, na mtu akamweleza mjane kwamba huyu ndiye mzimamoto aliyemkuta mume wake. Mjane alikuja mpaka mbele yake. Hakumgombeza. Alimuuliza jambo moja tu, kama alipomkuta alikuwa bado anapumua. Baba alisema moshi ulikuwa mwingi, hakuweza kujua. Mjane alimshukuru.

Alijua. Aliniambia mimi, sijui kwa nini mimi, tukiwa tumekaa sebuleni mchana wa mvua na nimeshamaliza chuo. Alisema alipomwachia yule mtu ili arudi kwa Sindano, mtu alimshika kifundo cha mkono. Hakumshika kwa nguvu. Baba ilibidi aufungue mkono ule, kidole kwa kidole, na akamwambia kupitia barakoa kwamba anarudi sasa hivi.

Alikaa kwenye simu miaka sita, mpaka alipostaafu. Walimpenda pale, kwa sababu sauti yake haikupanda hata anayepiga akipiga mayowe. Alikuwa anauliza mtaa, anauliza rangi ya geti, anauliza kama kuna mtu ndani, anasema wanakuja. Kisha anasikia magari yanatoka uani, na yeye anashika kalamu akingoja simu nyingine. Mama akimuuliza zamu ilikuwaje, alijibu ilikuwa kimya. Mwili ulirudi, mwingi kuliko wa mwanzo, laini, umeshukia tumboni na chini ya kidevu. Nguvu hazikurudi. Akipandisha ndoo ya maji barazani hupumzika katikati.

Mwaka jana, usiku mmoja akiwa kitandani, nilijikaza nikamwambia. Nilimwambia kwamba ile namba ya hamsini na tisa nilimpa mimi, kwamba siku ya chupa ya achari niliona na nikanyamaza, na kwamba kama ningemwambia Sista, au Mama, au yeye mwenyewe, pengine angekula. Alinisikiliza mpaka mwisho. Nilingoja anikemee, au anifariji, sikujua nataka kipi.

"Hesabu yako ilikuwa sahihi, mwanangu," alisema.

Akavuta shuka, akageukia ukutani. Nilikaa pale kwenye ukingo wa kitanda muda mrefu nikidhani ataongeza neno, lakini alikuwa ameshalala, au alitaka nidhani amelala.