Kilomita Nne za Kupandia Mapera

Baba mdogo Raimundi alipunguzwa kazini mwaka tisini na sita, lakini ukimsikia utadhani hana habari. Kwa miaka kumi na minne alikuwa kibarua wa Ujenzi mwenye kipande chake cha barabara, kilomita nne za mlima wa kupandia kijijini Mapera. Serikali ikaamua barabara zitengenezwe na wakandarasi, yeye akaendelea kukiita changu. Lori la mkandarasi likipita, alilitazama kama mtu aliyemwona mkewe wa zamani na mume mpya.

Siku zile zilikuwa na raha yake. Tulikuwa watoto, tukimpelekea uji anatupandisha kwenye toroli tupu. Magari ya kahawa yalimpigia honi mbili, naye ananyoosha sepetu juu kuitikia. Nyapara wa vibarua hakuuliza umechimba mita ngapi. Aliuliza kama gari la misheni lilipita masika bila kusukumwa.

Mwaka jana tukasikia kazi ndogondogo za barabara zitapewa pia vikundi vya vijijini, hata vya wazee, kwa mkataba kama kampuni yoyote. Baba mdogo akaja kwangu mbio.

"Eunice mwanangu, wananirudishia kipande changu!"

Tukaunda kikundi: yeye mwenyekiti, akina mama sita pamoja na Beata jirani yetu, na mimi, mwalimu ninayejua kompyuta kidogo, katibu. Tukapata mkataba wa barabara ile ile. Siku ya kusaini alivaa koti lake la harusi.

Mkataba ulisema mtaro, mita mia tatu, kando ya barabara. Nilimsomea mara mbili. Alisikiliza kwa adabu, kama mtu anayesomewa kanisani tangazo la ndoa ya watu asiowajua.

Kisha, mimi nikiwa shuleni nasahihisha mitihani, akawapandisha akina mama kwenye mteremko ulio juu ya barabara, ambao ni shamba lake mwenyewe. Siku tisa wakachimba ngolo, yale mashimo yetu Wamatengo: nyasi zinalazwa chini, udongo unarundikwa juu yake kuwa matuta, katikati linabaki shimo, na mvua ikinyesha maji yanatulia humo.

"Mtaro unayapa maji mbio," aliwaambia. "Tukiyatuliza huku juu, hayatafika barabarani."

Ndivyo alivyokilinda kipande chake enzi zake, na hakuna aliyemuuliza.

Msimamizi wa mkataba, injinia Hamphrey, alikuja na utepe wa kupimia. Kijana mwenye heshima zake.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu."

Akapima mtaro: mita arobaini tu. Akainua macho mlimani.

"Na shamba lile ni la nani?"

"Langu."

"Kumbe mzee umewatumia akina mama kulima shamba lako."

Heri baba mdogo angepigwa kofi.

Nikaeleza. Beata naye akaeleza, kwa ukali. Hamphrey alielewa, nadhani hata aliona haya, lakini kazi isiyo kwenye mkataba hakuweza kuipokea. Akatuongezea wiki mbili, kwa sharti kwamba tubadilishe mwenyekiti. Akina mama wakatazama chini. Kazi ile waliihitaji.

Baba mdogo akaomba kalamu. Akasaini kujitoa, akampa Beata mkono.

"Chimbeni mtaro," alisema.

Njiani nilimsema sana. Kwamba nilimsomea, mara mbili! Kwamba ukaidi wake umetuaibisha.

Wiki iliyofuata mvua ya kwanza ilinyesha. Asubuhi nilimkuta mteremkoni peke yake, suruali imekunjwa magotini, akiinua tuta lililobomoka. Kule chini akina mama walikuwa wakichimba mtaro wao. Hasira zote zikaniisha, nikabaki nataka kulia. Nikamuuliza kazi hii sasa anamfanyia nani.

"Sogea, Eunice," alisema. "Umesimama kwenye njia ya maji."