Kiti cha Nyuma cha Mzee Dereva

Mgeni aliingia mji ule na mzigo wake mgongoni kama mtoto aliyebebwa, maana keria ya pikipiki yake ilikuwa imekatika kilomita ishirini nyuma. Muuza mafuta alimwelekeza kwa kidevu. "Nenda kwa Bati. Huwezi kupapita, pamejaa taa utadhani kuna harusi."

Kweli hakupapita. Ukutani zilining'inia taa za kila rangi, vioo vya pembeni, ngao za kukinga miguu, honi za kutoa mlio wa lori na vifuniko vya kiti vyenye manyoya. Lakini uani kulikuwa na jambo lililomfanya mgeni asahau kuzima injini. Mzee mmoja alikuwa ameketi kwenye kiti cha plastiki, na mama mwenye miwani puani alikuwa akimpima kwa futi ya fundi cherehani. Bati, fundi mwenyewe, aliandika kwa chaki juu ya tangi la pikipiki.

"Bega hadi kiuno, hamsini na mbili."

"Hamsini na mbili."

"Kiuno hadi goti…"

Mgeni alishawahi kuona pikipiki zimebeba vitanda, mbuzi, hata dirisha zima na vioo vyake. Mtu kupimwa urefu mbele ya pikipiki, kama seremala apimavyo maiti, hilo lilikuwa jipya.

"Funga mdomo, mwanangu, nzi wataingia," mzee alimwambia, ulimi ukimlemea upande mmoja. "Bado sijafa. Wananishonea pikipiki tu."

Mama yule aliitwa Mama Futi, kwa sababu futi haikumtoka shingoni. Kwa zaidi ya miaka thelathini alishona sare za shule, na nusu ya mji ilipita kwenye futi hiyo, Bati akiwemo. Mumewe, ndiye huyo aliyekuwa akipimwa, aliendesha mabasi hadi alipostaafu, na mji mzima ulimwita Mzee Dereva. Hakuwahi kukubali kuendeshwa na mtu. Miaka miwili iliyopita alipooza upande wa kushoto. Kila alipopelekwa mazoezini hospitalini, vijana walimshika kwapa na miguu, wakamsukumiza ndani ya gari kama gunia. Mara ya tatu alilia njia nzima, na tangu hapo hakutoka tena nyumbani. Daktari naye hakuzungusha maneno: mguu usipoanza mazoezi mwaka huu utakakamaa, na hatatembea tena.

Ndipo Mama Futi, akiwa na miaka hamsini na minane, akajifunza pikipiki kimyakimya kwenye uwanja wa shule, akaanguka mara mbili na asimwambie mtu. Siku alipoiingiza nyumbani, mzee aliitazama hadi chai ikapoa.

"Nitapanda," alisema mwishowe. "Lakini nikidondoka, mama, usinitoe tena ndani."

Bati alianza kwa mazoea yake. "Hapa chini nakuwekea taa za bluu, mama. Na honi moja nzito, wakikusikia wanapisha wenyewe."

"Nabeba mgonjwa, Bati. Sipeleki disko."

Basi akachomelea egemeo lenye mikono miwili, kufuata vipimo vya chaki. Mama Futi alikuja na mkanda aliounga mwenyewe kwa utepe wa mabegi ya shule. Bati alipouona, akarudi nyuma hatua moja.

"Hapana, mama. Mtu hafungwi kwenye chuma. Pikipiki ikilala, inalala naye."

"Nimeshalifikiria hilo. Vuta."

Bati akavuta. Mkanda uliachia wenyewe, kraaa, maana ulishikana kwa kitambaa cha kunata, si kwa kifungo. Akatikisa kichwa, akaufunga penye egemeo.

"Haya, tumpandishe mzee."

"Naanza mimi," alisema Mama Futi. Alivua kandambili, akavaa viatu vya mumewe, akapanda kiti cha nyuma na kuuacha mkono wa kushoto uning'inie. "Upande huu umekufa. Likitokea lolote, usiniambie nijishike. Yeye hataweza."

Mgeni alitaka kucheka, lakini uso wa yule mama haukuwa wa mzaha.

Bati akashika usukani. Mzunguko wa kwanza wa ua ulikwenda vizuri. Katika wa pili, karibu na lango, tairi lilipanda tuta dogo. Mguu wa kushoto uliteleza kwenye kikanyagio, ukarudi nyuma, na papo hapo ikasikika sauti kama ukuni unavunjika. Bati alikanyaga breki. Pikipiki ikainama, na mgeni akajikuta ameikumbatia bila kujua alifikaje pale.

Kiatu kilikuwa kimemezwa na spoki. Kisigino kilikuwa kimechanwa kama mkate, na ngozi ya juu imekatika mara mbili.

Hakuna aliyethubutu kutazama chini ila mwenye mguu. Vidole vyote vitano vilikuwepo, vyeupe kwa vumbi, kimoja kikitoka damu kidogo kwenye ukucha. Kiatu kilikuwa kikubwa kwake, mguu ukachomoka. Mzee mwenyewe kingemkaa barabara, na mguu wake usingechomoka. Wote wanne walilielewa hilo kwa wakati mmoja.

"Wavu," alisema Bati. "Wavu wa kukinga gurudumu. Nimeutoa asubuhi ili mkono wa egemeo upite. Huwa nautoa kwenye kila pikipiki, mama, vijana wanasema wa kizamani… Mkono umezoea."

Mama Futi alikuwa akimtazama mumewe, naye mumewe alikuwa amenyoosha mkono mzima.

"Nipe hicho kiatu."

Alikigeuza na kukigeuza. Aliingiza kidole pale spoki zilipopita.

"Ulijua?"

"Ningejua ningekaa? Nilikaa kwa sababu sikujua, baba."

Mzee alipoinua uso, mgeni alishtuka kwa mara nyingine, maana sauti iliyotoka haikuwa ya mgonjwa, ilikuwa ya mtu aliyezoea kufokea utingo wa basi lake.

"Bati! Rudisha wavu. Kikanyagio hicho tupa. Nataka kisanduku cha bati, ukuta nyuma ya kisigino na ukuta pembeni, ndani uweke mpira wa tyubu. Mguu uingie ukae. Unasikia?"

"Nasikia, mzee."

"Nawe mama, toka kwenye kiti changu."

"Nikishakijaribu," akasema Mama Futi.

Bati alipomaliza kukichomelea na kurudisha wavu, alikijaribu. Mizunguko mitano, tuta lilelile, kiatu kilekile kilichochanika, na mguu haukutikisika. Kisha alisogeza pikipiki hadi kwenye baraza, kiti sawa na kimo cha saruji. Mzee akajisogeza kwa makalio, akavuta mguu wake kwa mkono wake, akahamia kitini. Hakuna aliyemshika kwapa.

"Tunarudi nyumbani?" mkewe aliuliza.

"Leo siku gani?"

"Jumanne."

"Mazoezi si Jumanne?"

Mama Futi alifuta miwani kwa ncha ya kanga, akaivaa, akatia gia.

"Polepole kwenye kona!" mzee alifoka. "Na indiketa! Nani kakufundisha wewe?"

Walitoka langoni wakigombana, wakashika barabara ya hospitali.

Mgeni aliangalia keria yake iliyokatika, kisha akamwangalia Bati, aliyekuwa amejiegemeza ukutani katikati ya taa zake. Alikuwa ameokota nati moja, ikamponyoka, akaiokota tena, ikamponyoka.

"Kaa kwanza, mgeni," alisema. "Kwa mikono hii siwezi kushika mashine ya kuchomelea sasa hivi."