Nilimpa mdogo wangu gari nikijua tairi limelika kwa ndani

Admin, nifichie jina. Na kama kuna ndugu yangu atakayenitambua humu, basi na anitambue, nimechoka. Mimi ni mwanaume wa miaka 38, nina mke na watoto wawili, nina saluni ya kiume hapa Mbeya. Nianze kwa kukiri kwamba napenda sifa, wanaonijua wanajua. Ndiyo maana nilipopata kigari changu, kitu cha kwanza nilichofanya ni kukishusha.

Nilikipeleka gereji wakakata springi zote nne, kikawa chini kabisa. Nikipita nacho Mwanjelwa watu wanageuka. Mama yangu akauliza, "Hilo gari limepiga magoti linasali, au?" Wakacheka nyumba nzima. Fundi wakati ananikabidhi ufunguo aliniambia, "Bosi, gari ukilishusha linatanua miguu, tairi inakanyagia ukingo wa ndani. Acha springi zitulie siku chache, halafu urudi tulipige alaimenti, tairi zikanyage sawa. Usiende nalo safari kabla." Nikaitikia ndiyo, ndiyo. Sikurudi. Nilijiona mjanja, maana nikiachia usukani gari lilikuwa linakwenda moja kwa moja, halivuti kushoto wala kulia. Sasa alaimenti ya nini? Sikio la kufa halisikii dawa.

Miezi ikapita. Jumapili moja baada ya ibada nilikuwa naliosha mwenyewe, nikapitisha mkono upande wa ndani wa tairi la mbele kushoto nitoe tope. Kitu kikanichoma. Nikalala chini kuangalia. Kwa nje tairi lilikuwa na meno kama limenunuliwa jana. Kwa ndani lilikuwa kipara, nyaya zimetokeza. Nikafuta damu kidoleni nikasema nitabadilisha wiki ijayo. Sikumwambia mtu. Nyumbani walishanicheka vya kutosha, sikutaka kuwaongezea la kusema.

Siku mbili baadaye mdogo wangu akaja asubuhi. Huyu ndiye anayenifuata, tumekua tukilala kitanda kimoja. Alitaka kumpeleka mkewe na mtoto wao wa miaka mitatu kwa wakwe zake, kijiji kimoja kule Iringa karibu na Tosamaganga, baba mkwe alikuwa anaumwa. "Kaka, mtoto kwenye basi anatapika sana. Nisaidie gari." Akalizunguka kama tunavyofanya wote, akayapiga matairi teke moja moja. "Tairi ziko safi hizi," akasema. Nilikuwa nimesimama pale pale, mdomo ninao. Nikamwambia, "Gari iko vizuri. Nendeni salama."

Saa nne nikapigiwa simu. Walikuwa wameshapita Chimala, barabara imenyooka, jua linawaka. Gari liliacha njia likabiringika mpaka kwenye majaruba ya mpunga. Shemeji yangu alifariki palepale. Mtoto hakupata hata mchubuko, mdogo wangu alivunjika mkono.

Mimi ndiye niliyekwenda kushughulikia gari. Tairi la mbele kushoto lilikuwa limepasuka kwa ndani, pale pale liliponichoma; wengine walidhani limepasukia kwenye kubiringika. Nililiuza gari lote kama chuma chakavu hata arobaini haijafika.

Sasa kinachoniua ni hiki. Mdogo wangu siku ile alikuwa ametoka zamu ya usiku kiwandani, kwa hiyo watu wakasema alisinzia. Yeye hakumbuki kitu, akakubali. Nilipokwenda kumwona hospitalini alianza kulia. "Kaka, nimesinzia nikamuua mke wangu. Na gari lako nimelimaliza. Nisamehe." Aliniomba MIMI msamaha! Nikamshika bega nikasema ni mipango ya Mungu. Msibani kila aliyenipa mkono aliniambia ajali haina kinga, nami natikisa kichwa kukubali, wakati ile ilikuwa na kinga na ilikuwa mikononi mwangu.

Tangu hapo siko sawa. Nikiona gari limeegeshwa nachuchumaa, napeleka mkono ndani ya tairi. Juzi mwenye gari alinikuta akaniitia mwizi. Nikiwa namnyoa mteja kipara, vidole vikipita kisogoni nahisi nyaya, naacha kazi natoka nje. Mdogo wangu naye anaogopa usingizi. Anakaa kwenye kiti mpaka kunakucha, akisinzia anashtuka akiita jina la mkewe. Amekonda, nguo zinamwanguka.

Mtoto yuko Iringa kwa bibi yake tangu mazishi. Wakwe wanasema hawawezi kumrudisha kwa mtu aliyemuua mama yake kwa uzembe. Kikao ni Jumamosi hii. Kwetu mkosaji hasimami kujisemea mbele ya wakwe, anasemewa na mkubwa wake. Baba yetu alishafariki. Mkubwa ni mimi. Jana mdogo wangu alikuja saluni, akaniambia taratibu, "Kaka, usinitetee. Waambie nilisinzia, kosa lote ni langu. Wanirudishie mtoto tu."

Niliyemwambia ukweli ni mke wangu peke yake. Yeye anasema ninyamaze. "Marehemu harudi, wewe utafungwa, na mama yenu hatabeba misiba miwili." Maneno yake yana akili, lakini nikiyafuata itabidi nisimame mbele ya mama wa marehemu, nimsalimie kamwene, kisha nimwombee msamaha mtu asiye na kosa, huku mwenye kosa ndiye anayeongea. Nikisema kweli, mdogo wangu atalala usingizi na huenda akampata mwanawe, ila mimi sidhani kama ataniita tena kaka.

Zimebaki siku tatu. Nitukaneni mnavyotaka, nastahili, ila kabla hamjamaliza nijibuni hili: Jumamosi nikishasimama, niseme nini?